Maiki inashika, rimoti haishiki

Swali: Shikamoo fundi. Nafundisha mazoezi ya kina mama hapa Moshi, kwenye uwanja wa wazi. Siku za kazi jioni, Jumamosi alfajiri. Nina spika ya magurudumu inayosoma flashi. Ilikuja na maiki isiyo na waya pamoja na rimoti ndogo bapa. Nyumbani rimoti inafanya kazi vizuri tu, na alfajiri uwanjani haina shida. Jioni sasa! Nabonyeza mpaka kidole kinauma na wimbo unaendelea tu, inabidi nikimbie hadi kwenye spika kila ninapotaka kuusimamisha. Cha ajabu, maiki ya spika hiyohiyo inashika hadi mwisho wa uwanja. Muuzaji anasema rimoti imekufa, ninunue ya Bluetooth. Halafu shemeji yangu aliyeko Ujerumani kaniletea iPod ya zamani na kirimoti chake cha bila waya, lakini kile kidude cha kupokea kina pini ya duara na ulimi mwembamba pembeni, wakati iPod yenyewe juu ina tundu la duara peke yake. Nataka kuongoza muziki nikiwa mbele ya wanafunzi wangu, bila kununua spika nyingine. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Rimoti yako ni nzima, na ushahidi umeutoa mwenyewe: alfajiri inafanya kazi, jioni inagoma. Kilichokufa hakifufuki kila Jumamosi. Kwa hiyo hela ya huyo muuzaji iache kwanza mfukoni.

Ukiambiwa kifaa fulani hakina waya, uliza mambo mawili. La kwanza, amri inapita wapi: kwenye mwanga au kwenye mawimbi ya redio? La pili, ambalo watu wengi hapa kibandani kwangu Arusha huliuliza wakiwa wameshalipa, amri hiyo inamfikia nani? Rimoti yako, Bluetooth ya muuzaji na iPod ya shemeji zote zinajibiwa na maswali hayo mawili.

Tuanze na maiki. Maiki yako inatuma mawimbi ya redio, yawe ya VHF au UHF kutegemea na ilivyotengenezwa. Jua haliyahusu. Yanapenya nguo, yanazunguka watu, ndiyo maana unaweza kuwageuzia wanafunzi mgongo na sauti yako bado ikatoka. Rimoti haina uhusiano wowote na hayo. Yenyewe inatuma mwanga, ule uitwao infraredi, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi, ambao macho yetu hayauoni. Na kwa kuwa ni mwanga, unafuata sheria za mwanga: unakwenda moja kwa moja, unagonga ukuta na kurudi, haupenyi mtu. Akisimama mama mmoja katikati yako na spika, amri imeishia mgongoni kwake. Nyumbani huoni tatizo kwa sababu kuta na dari zinaurudisha mwanga. Ukielekeza rimoti hata kwenye pazia, kiasi fulani kitafika. Uwanjani hakuna ukuta. Unachokosea kulenga kimeenda zake Mabogini.

Jambo kubwa zaidi ni jua lenyewe. Jua linamwaga infraredi kwa wingi kuliko rimoti yoyote duniani. Waliobuni rimoti walilijua hilo, wakaweka kinga kadhaa. Hiyo nanomita 940 ni sehemu ambayo mvuke wa maji angani hunyonya kiasi cha mwanga wa jua, kwa hiyo huku chini unafika umepungua. Kipokezi kimefunikwa plastiki nyeusi inayozuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi. Na rimoti haiwashi taa yake tu. Inaipepesa mara 38,000 kwa sekunde, ili kipokezi kiupuuze mwanga uliotulia na kusikiliza ule unaopepesa kwa kasi hiyo peke yake.

Utaniuliza, kama kinga zote hizo zipo, mbona jua bado linashinda? Kwa sababu ndani ya kipokezi kuna kijicho kimoja kidogo kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Jua likikipiga usoni, kinajaa umeme uliotulia pamoja na vurugu zake, na kupepesa kwa rimoti yako kunakuwa kitu kidogo sana juu ya huo mzigo. Zaidi ya hapo, kipokezi kikiona vurugu nyingi hupunguza chenyewe usikivu wake, ili kisije kikaifanya kila takataka kuwa amri. Matokeo yake ni kwamba rimoti iliyokuwa inashika kutoka upande wa pili wa sebule inataka uisogeze karibu kabisa na spika. Hapo ndipo mtu anaapa imekufa.

Ugomvi wa rimoti na jua ni wa zamani. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti ya kwanza ya televisheni isiyo na waya, Flash-Matic, kazi ya mhandisi Eugene Polley. Ilikuwa kurunzi hasa: ulimulika kona moja ya televisheni kuzima na kuwasha, kona nyingine kubadili chaneli. Jua lilipoingia dirishani na kuipiga kona, televisheni ilijibadilishia chaneli yenyewe. Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ilihamia kwenye rimoti ya Robert Adler, iliyotumia sauti ya juu mno ambayo sikio la binadamu halisikii. Infraredi ilikuja kutawala baadaye, kwa kuwa ni rahisi kutengeneza na ina nafasi ya amri nyingi. Lakini jua halijahama.

Sasa tuje uwanjani kwako. Moshi jioni jua linashukia magharibi, upande wa Mlima Meru. Kama spika umeiweka uso wake unatazama Meru, kidirisha cha kipokezi kinapigwa jua moja kwa moja, tena la usawa wa macho, kwenye saa zilezile za mazoezi yako. Alfajiri jua bado halijachomoza, ndiyo maana hakuna shida. Usihangaike na dira; tazama kivuli. Spika ikae hivi kwamba kivuli chake kinaanguka mbele yake, upande uliopo wewe. Kivuli kikiwa mbele, uso wa spika uko gizani. Jioni maana yake itazame mashariki, kama inaelekea Himo. Kina mama watalalamika kuwa wakiitazama spika jua linawachoma macho. Wapange wakutazame wewe ukiwa ubavuni, mradi wewe unaiona spika.

Ukitaka kuongeza nguvu, kitafute kidirisha chenyewe. Huwa karibu na kioo cha namba, ni kijiduara au kipande cha plastiki nyeusi au nyekundu iliyokolea. Kama hukioni, ngoja usiku, bonyeza rimoti kwa karibu huku unaziba sehemu mojamoja kwa dole gumba. Utakapoziba na spika ikaacha kutii, hapo ndipo. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, maana vumbi la kiwanjani hukaa pale na hakuna anayelikumbuka. Halafu kata kipande cha boksi, kipake rangi nyeusi, ukibandike juu ya kidirisha kitokeze vidole viwili au vitatu kama kibaraza. Hakipendezi, lakini kinafanya kazi.

Betri nayo ina mchango wake. Rimoti hizi bapa zinatumia betri ya mviringo ya volti 3, aina ya CR2025. Hizo namba zina maana: 20 ni upana wa milimita 20, na 25 ni unene wa milimita 2.5. Dukani wanaweza kukupa CR2032, ya volti hizohizo lakini nene zaidi, milimita 3.2, ukiilazimisha, kidroo cha rimoti kinapasuka au vibati vyake vinapinda, na hapo umeanza tatizo la pili. Betri inayokuja na rimoti mpya mara nyingi imeshakaa sana ghalani. Nunua mpya, alama ya kujumlisha ifuate mchoro ulioko nyuma. Na hata ikiwa mpya, betri ndogo namna hii haina nguvu ya kusukuma taa kwa kishindo, tofauti na rimoti ya televisheni yenye betri mbili za penseli. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya rimoti bapa kutofika mbali.

Kabla hujanunua chochote, ipime kwa simu. Fungua kamera, elekeza pua ya rimoti kwenye lenzi, bonyeza. Taa ikiwaka, kwenye kioo utaona nukta yenye rangi ya zambarau au nyeupe inayometameta. Kamera ya nyuma ya simu nyingine ina kichujio cha infraredi na haitaonyesha kitu, basi jaribu ya mbele. Ikimeta kwa nguvu, rimoti ni nzima. Ikimeta kwa unyonge, betri. Vitufe vingine vikimeta na cha kusimamisha hakimeti, basi kitufe hicho kimechoka kwa kubonyezwa, na fundi yeyote mwenye subira anaweza kuifungua akasafisha kikaboni chake.

Hizo betri za mviringo, mwanangu, usiziache ovyo, hasa kama kina mama wanakuja na watoto. Kidroo cha rimoti bapa mara nyingi hakina hata skrubu. Mtoto akimeza betri hiyo ikakwama kooni, inaweza kumchoma ndani kwa muda wa saa mbili tu. Ukihisi mtoto amemeza, usingoje dalili. Ni hospitali moja kwa moja.

Kuna simu, baadhi za Xiaomi na Infinix, zenye taa ya infraredi juu yake na programu ya kuzigeuza rimoti. Watu watakushauri hivyo. Ni sawa kama rimoti imepotea, lakini ujue bado ni mwanga. Jua litaishinda vilevile.

Nikiwa bado kwenye rimoti bapa, nikupe faida ambayo wengi hawaitumii. Yako bila shaka ni ile ya vitufe 21, yenye namba 0 hadi 9, na pembeni vimeandikwa 100+ na 200+. Kila ukibonyeza, nyingi za aina hiyo hutuma mweko wa kuanzia wa milisekunde 9, kisha namba ya kifaa, kinyume chake kwa uhakiki, namba ya kitufe, na kinyume chake. Mtindo huu uliletwa na kampuni ya NEC ya Japani. Rimoti nyingi za redio za gari na spika za bei nafuu zimepewa namba ya kifaa ileile, sifuri. Ndiyo maana ukiazima ya jirani inakubali, na ndiyo maana siku mkiwa na vikundi viwili uwanja mmoja, mwenzako anaweza kukusimamishia wimbo bila kujua. Ugomvi wa namna hiyo nimeshausikia, kila mmoja anadhani mwenziwe anamfanyia kusudi.

Vile vitufe vya namba vinachagua wimbo moja kwa moja. Wimbo wa 7 wa kupasha mwili, wa 23 wa kunyoosha viungo. Unabonyeza namba, unaingia. Kwa vitufe vya mamia jaribu nyumbani, kila spika ina tabia yake. Shida ni kwamba spika hizi mara nyingi hazipangi nyimbo kwa alfabeti wala kwa jina ulilolipa faili. Zinazifuata kwa jinsi zilivyoandikwa kwenye flashi, yaani ulioukopi kwanza ndio namba 1. Mwalimu anakaa usiku mzima anaandika 01, 02, 03 mwanzoni mwa majina, halafu anakopi zote kwa mpigo, na uwanjani anakuta zimechanganyika. Fomati flashi, yaani uifute na kuipanga upya, kwa mtindo uitwao FAT32, usiweke mafolda, kisha kopi wimbo mmojammoja kwa utaratibu unaoutaka. Inachosha, lakini baada ya hapo unaandika orodha kwenye karatasi, unaibandika mgongoni mwa rimoti, na darasa lako linakuwa na mpangilio.

Haya, Bluetooth. Muuzaji wako amechanganya mambo, na si yeye peke yake. Siku hizi kila kisicho na waya madukani kinaitwa Bluetooth. Vile vitufe vidogo vya Bluetooth, vya kuvaa mkononi au kufunga kwenye usukani wa pikipiki, vyenye alama za kucheza, kusimamisha na kuruka wimbo, ni vizuri kabisa. Lakini haviongei na spika. Spika yako ikiwa kwenye Bluetooth inapokea muziki. Haijui kumsikiliza mtu anayekuja na kitufe peke yake. Kitufe kinaongea na simu, na simu ndiyo inayopiga muziki kwenda kwenye spika. Kwa hiyo ukinunua kitufe ukitegemea kiongoze flashi iliyochomekwa kwenye spika, umenunua pambo.

Ukikubali kuhamisha nyimbo kutoka kwenye flashi hadi kwenye simu, mambo yanabadilika, na hapa nataka unisikilize, kwa sababu karibu kila mwalimu wa mazoezi ninayemjua anafanya kinyume. Wanaweka simu mfukoni au kuifunga mkononi, na spika inakaa mbali. Wakigeuka, muziki unakatika. Bluetooth iko kwenye gigahezi 2.4, na mwili wa binadamu, ambao kwa sehemu kubwa ni maji, unayanyonya sana mawimbi hayo. Ndani ya ukumbi hulioni tatizo kwa kuwa mawimbi yanagonga kuta na kukuzunguka. Nje hakuna cha kuyarudisha, kiuno chako kikiwa katikati ya simu na spika kinatosha kuleta mikwaruzo.

Fikiria basi ni nini kinapita wapi. Kati ya simu na spika unapita muziki, mzigo usiotakiwa kukatika hata nusu sekunde. Kati ya kitufe na simu kinapita kiujumbe kifupi cha "simama" au "ruka", na kisipofika mara ya kwanza kinatumwa tena kabla wewe hujagundua. Kwa hiyo mzigo mzito upewe njia fupi. Simu iweke juu ya spika, au hata uiunganishe na spika kwa waya wa AUX uachane na Bluetooth upande huo. Wewe vaa kitufe mkononi. Sasa jua, vumbi na kina mama wanaopita katikati haviwezi kukukatia muziki. Kibaya zaidi kitakachotokea ni kubonyeza mara ya pili. Vifaa vingi vya namna hii vimekusudiwa umbali wa meta 10 hivi, na kwa darasa lako inatosha kama unasimama mbele.

Tabia zake ujue mapema. Kitufe kikikaa bila kuguswa kinalala ili kutunza betri, hivyo bonyezo la kwanza linakiamsha na la pili ndilo linalofanya kazi. Simu nyingine zikishaunganishwa na kitufe zinadhani zimepewa kibodi, kisha kibodi ya kwenye kioo haitokei ukitaka kuandika ujumbe; kuna sehemu kwenye mipangilio ya kuiruhusu ionekane. Na simu yenyewe, kama unayo ya zamani isiyo na laini, tumia hiyo. Ukitumia ya kila siku, weka hali ya ndege kisha uwashe Bluetooth tena, la sivyo mama mkwe atapiga katikati ya zoezi la tumbo na uwanja mzima utasikia mlio, au ujumbe wa M-Pesa uingie na kuukatiza wimbo.

Kuna kitu kingine kinachouzwa kama rimoti ya simu, kile kitufe cha kupigia picha kinachokuja na fimbo ya selfi. Ni cha bei ndogo, na mtu anaweza kukuambia kinafaa. Kwenye simu nyingi hakifanyi zaidi ya kutuma amri ya kuongeza sauti, kwa vile kamera ya simu hupiga picha ukibonyeza kitufe cha sauti. Utakibonyeza kusimamisha muziki, nao utaongezeka.

Nimalizie na iPod ya shemeji, ambayo kwa kweli ndiyo niliyoifurahia zaidi. Maelezo yako ya pini ya duara na ulimi pembeni yamenitosha kujua kilichotokea. iPod za mwaka 2003 na 2004, pamoja na iPod mini, zilikuwa na kitundu kidogo bapa kando ya tundu la spika za masikioni, na humo ndimo amri za rimoti zilipopita. Mwaka 2005 iPod nano ilipotoka mwezi Septemba, na ile ya kuonyesha video mwezi Oktoba, Apple walikiondoa kitundu hicho. Watu waliokuwa wamenunua vipokezi vya juu wakabaki navyo mkononi. iPod yako imetoka baada ya mabadiliko hayo, na kipokezi ni cha kabla yake. Shemeji kaviokota pamoja lakini havikuzaliwa pamoja. Kuna fundi atakayekuambia aukate huo ulimi ili pini iingie. Usikubali. Pini ya duara inapitisha sauti tu. Amri zote ziko kwenye ulimi.

Kwa iPod yako unahitaji kipokezi kinachoingia chini, kwenye tundu pana la pini 30 ambalo iPod zilianza kulitumia mwaka 2003. Sauti utaipeleka kwenye spika kwa waya wa AUX. Usitarajie kuiunganisha na kile kitufe cha mkononi. iPod kubwa za diski, hadi za mwisho, hazikuwahi kuwa na Bluetooth. Apple wenyewe waliacha kutengeneza iPod za aina zote mwaka 2022, kwa hiyo utakachokipata ni cha mitumba, kwa mafundi au kwa ndugu walioko nje. Mtu akikuagizia kutoka Marekani, mwambie asome masafa yaliyoandikwa nyuma: vifaa vya kule vinavyotumia megahezi 902 hadi 928 vinaingiliana na masafa ambayo huku kwetu yamegawiwa mitandao ya simu. Vya megahezi 433 au gigahezi 2.4 havina ugomvi huo.

Halafu kumbuka lile swali la kwanza, kwa sababu rimoti za iPod nazo zilikuwa za aina zote mbili. AirClick ya Griffin ilitumia redio, naviPod ilitumia infraredi, na zote ziliuzwa kama rimoti za bila waya. Kwa hiyo ukikuta kipokezi, pale soko la Memorial au kwingine, nenda na iPod yako ikiwa na chaji. Kichomeke palepale mezani kwa muuzaji, wimbo ukicheza, tia kirimoti mfukoni na ukibonyeze juu ya nguo. Wimbo ukisimama, lipa uondoke nacho. Ukiendelea, mrudishie.